Bangili Niliyoitungia Sheria

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Si kuandika maneno chini ya kioo, hapana. Nashika kipaza sauti, muvi inaenda, nami naongea juu ya sauti zao: nakuwa jambazi, nakuwa bibi kizee, hata mbwa nikihitajika. Studio ni chumba changu cha Buswelu, magodoro mawili yameegemezwa ukutani kuzuia kelele. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nikikwama natunga, na kusema kweli watu wananipendea hapo hapo.

Wakati huo Mama alikuwa na miaka miwili kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zote mbili zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki nilimchukua kwake Nyegezi, nikampeleka hospitali, akalala pale saa nne nzima na mirija mkononi. Mimi nilipimwa kumpa figo, sikufaa. Moyoni nilishukuru Mungu, na shukrani ile inanitia aibu mpaka leo. Mdogo wangu wa kike, mwalimu kule Kisesa, ndiye aliyefaa. Mama alikataa wee, alikataa, mwisho akakubali, na tarehe ya upasuaji Dodoma ikapangwa.

Ndipo ikaniangukia ile muvi ya bangili. Mtu anafukua kaburi la mfalme, anakuta bangili ya shaba, anaivaa, hafi tena. Apigwe risasi, asukumwe korongoni, anainuka anakung'uta vumbi. Katikati anamwendea ajuza mmoja pangoni amweleze bangili inafanyaje kazi. Ajuza hana meno, anaongea harakaharaka, na nyuma yake maporomoko ya maji yananguruma. Sikuambulia kitu. Mwingine angerudisha nyuma asikilize upya. Mimi sirudishi, ndiyo sifa yangu mjini, napiga mara moja hadi mwisho. Basi nikatetemesha sauti: "Bangili haina uhai wake, mjukuu wangu. Inachota kwenye damu yako. Kila siku unayoongezewa wewe, mwanao anapunguziwa."

Na kweli, mbele kidogo binti wa yule bwana akashikwa na homa. Aisee, nilijipongeza! Kwenye mabanda ya video watu walitoka wanafuta machozi. Kisha, jamani, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikamwekea Mama kwenye simu yake apitishie muda kwenye mashine.

Jumatano hiyo aliitazama yote, akatoka hospitali. Tulipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, akasema, "Mwambie mdogo wako abaki na figo yake."

"Mama, ile ni muvi tu."

"Najua ni muvi, mimi si mjinga. Lakini maneno yale ni ya kweli. Nimeishi miaka yangu. Ya mwanangu siichoti."

Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Wapi! Mdogo wangu alinipigia analia, halafu kilio kikageuka ugomvi: "Kaka, umemwambia nini Mama? Mbona daktari alishamweleza akaelewa?"

Nilirudi Buswelu nikafanya nisichowahi kufanya. Nilirudisha nyuma. Nikamsikiliza yule ajuza taratibu, kamusi magotini, tena na tena hadi nikampata. Kumbe hakusema lolote kuhusu mtoto. Alisema bangili haichukui kwa mtu yeyote. Inakusimamisha tu pale ulipo. Ukiivaa una kidonda, kidonda hakikuui wala hakiponi. Na homa ya binti ilikuwa homa tu.

Siku ya pili nilikwenda Nyegezi mbio mbio, nimejaa furaha. Mama alikuwa barazani, anamumunya kipande cha barafu, maana maji anapimiwa, na ziwa lote lile liko mbele ya macho yake. Nikamweleza kila kitu, hadi kwamba nilitunga.

"Kwa hiyo mwenye bangili haponi?"

"Haponi, Mama."

"Na hafi?"

"Hafi. Ila haichoti kwa mtoto, unaona?" Nilikuwa hata nacheka, mpumbavu mimi.

Akautazama mkono wake wa kushoto, pale sindano zinapoingia, palipovimba.

"Basi hiyo mimi nimeshaivaa," alisema. "Miaka miwili. Kesho usije kunichukua. Nimechoka."

Na unajua nilifanya nini? Nikatunga tena. "Mama, ipo sehemu ya pili. Kule anapona."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Binti anamvua bangili baba yake, halafu..."

Akainua mkono kunizuia. "Mpigie mdogo wako. Weka sauti kubwa."

Simu ikapokelewa, darasa linasikika nyuma, watoto wanakariri kwa pamoja.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Nakuuliza jambo, na usinijibu kama kaka yako. Kunipa hiyo figo, unaogopa?"

Nilikuwa namwomba mdogo wangu kimoyomoyo aseme hapana, aseme hata kidogo.

"Naogopa, Mama," akasema. "Sana. Wiki ya pili hii chakula hakipiti. Ila usibadilishe tarehe, tafadhali, mkuu wa shule ameshanipa ruhusa."

Mama akainamisha kichwa akalia. Katika miaka miwili ile sikuwahi kumwona analia, hata siku mshipa wa mkono ulipopasuka kwenye mashine. Alipomaliza akajifuta kwa pindo la kanga.

"Haya," akamwambia. "Kesho nakwenda kwenye mashine. Tarehe ibaki. Tutaogopa wote wawili."

Simu ikakatika. Akanisukumia simu yake mkononi.

"Na wewe, futa muvi zako zote humu."

Nilikaa ngazini nikazifuta, moja baada ya nyingine. Mama alivuta kiti karibu, akawa anaangalia kioo kuhakikisha kweli nafuta.