Nzi wa Mvua ya Pili

Daktari aliuliza swali moja: amepuliza dawa gani? Tulikuwa mlangoni mwa hospitali Mbarara, asubuhi, na mwanamke tuliyemwita Mama wa Mipichi amelazwa kwenye machela, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu. Mume wake akatoa chupa kwenye kikapu. Ilikuwa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, karatasi ya maji bado imebandikwa, na ndani mmebaki kitu cha rangi ya chai iliyopauka. Daktari akainusa kwa mbali, akatuambia kila sumu ina njia yake ya kutibiwa, akauliza tena. Mume akaigeuza chupa, akakuta jina la maji tu. Alijaribu alichoweza. Mama yule alifariki kabla ya adhuhuri, na wiki hii tumemzika Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, mchungaji akisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikuitikia amina.

Nyinyi mnaosoma safu hii mnajua kwamba mimi si mtu wa kulia kwenye karatasi. Shule niliiacha mapema, na vita vikamaliza hata hicho kidogo nilichobakiza. Lakini huyu mama nataka mumjue akiwa mzima, kwa sababu akiwa mzima alikuwa moto. Alitoka milima ya Kivu ya Kusini kama mimi, watu wa ng'ombe, na ng'ombe wakabaki kwa wale waliotufukuza. Siku moja tuko sokoni Mbarara akaona mapichi kwenye beseni, yametoka Kabale. Akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Kwao kulikuwa na mpichi nyuma ya jiko. Alinunua, akala palepale, maji ya tunda yakimshuka mpaka kwenye kiwiko, halafu kokwa akazifunga kwenye pindo la kitenge. Akaniambia, "Ndugu, niko naenda kupanda Kivu huku." Nikamcheka. Nani anapanda mapichi kwenye kilima cha kuelekea Rugaaga, fasi ya mahindi na maharagwe? Akapanda. Zikaota. Majirani wakaomba kokwa, nao wakapanda, na baada ya miaka michache kilima kikatoa maua ya rangi ambayo wengi wetu tulidhani hatutaiona tena.

Halafu yakaja matunda, na kila ukipasua moja unakuta funza wanacheza ndani. Wengine walisema ardhi ya ukimbizi imelaaniwa. Wengine walitaka kung'oa. Yeye alizunguka chini ya miti, anafukua udongo kwa kijiti, anarudi na kitu kwenye kiganja, anamwonyesha kila anayepita: vidude vya kahawia kama punje za mtama. Ni funza hao, wameshuka kwenye pichi lililoanguka, wamejizika, wanangoja kutoka wakiwa nzi. Kule kwetu milimani kiangazi ni kirefu na kina baridi, nzi wanapungua wenyewe, mvua ikirudi wanaanza upya wachache. Huku mvua ni mara mbili kwa mwaka, na kiangazi cha katikati ni kifupi na cha joto. Nzi hana muda wa kufa. Mapichi yakiisha anahamia kwenye mapera na maembe ya jirani, na mvua ya pili ikinyesha anarudi na ukoo mzima. Sisi tulikuwa tunalima Uganda kwa majira ya Kivu. Miguu ilifika zamani, akili bado iko njiani.

Na kosa letu lilikuwa na adabu ndani yake. Kwetu tunda lililoanguka haliokotwi na mwenye mti. Ni la mpita njia, la mjane, la mbuzi wa yeyote. Ukiliokota unaonekana huna haya. Basi tulikuwa tunayaacha chini kwa heshima, yanaoza kwa heshima, na nzi wanazaliana. Mama wa Mipichi akawa wa kwanza kuyaokota. Kila asubuhi anapita na ndoo, anayatia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, anaufunga, anauacha juani mpaka ndani mchemke. Kanisani walimsema. Mama mmoja wa kwaya akamfuata mpaka shambani kumuuliza kama hata ya chini anatunyima, amekuwa tajiri siku hizi? Akamjibu bila kuinua kichwa, "Siko nanyima batu. Niko nanyima nzi." Yule mama wa kwaya alicheka mpaka akakaa chini, na alipoinuka alikuwa ameshika ndoo.

Baada ya hapo kilima kilichemka. Watoto wanaokota, wanaume ambao hawajawahi kugusa ufagio wanafagia chini ya miti, chupa zenye ndizi iliyochacha zinaning'inia kwenye matawi, na jioni watu wanaitana kuchungulia chupa ya nani imeshika nzi wengi, kama wanaangalia matokeo ya mpira. Mvua ya pili ikaja na tukangoja. Siku ya kuvuna alipasua pichi la kwanza mbele yetu. Safi. La pili, safi. Mzee mmoja ambaye tangu tumjue hajataja jina la kijiji chake, akalitaja. Mimi niliyejiapiza kutofurahi tena katika nchi ya watu, nilikuwa naruka.

Habari ikafika Mbarara, na hapo ndipo wakaja wenye kuua. Nawataja kwa kazi zao, wenyewe wanajijua. Wa kwanza ni mnunuzi mwenye gari dogo la kubeba matunda. Alisifu, akala, halafu akasema msimu unaofuata kila shamba lipulizwe dawa, hataki hata pichi lenye doa, la sivyo gari haliji. Alileta na pampu yake ya kubeba mgongoni, kuukuu, inavuja kwenye kifuniko. Wa pili ni mwenye duka la dawa za wadudu wa shambani kule Nyamityobora, Mbarara. Nilikuwepo, nimemsindikiza Mama wa Mipichi. Alichota kutoka kwenye dumu, akamimina kwenye chupa ya maji, akasema, "Mama, hii iko kali. Inamaliza yote." Yeye akauliza karatasi ya maelezo iko wapi. Yule bwana akacheka: "Karatasi ya nini? Unataka kusoma ama unataka kuua wadudu?" Dukani wote wakacheka. Alijua anaongea na wakimbizi, tena na watu ambao shule haikuwasubiri. Mawingu ya mvua ya pili ya mwaka huu yalipoanza kukusanyika, mama akabeba ile pampu. Ilimlowesha mgongo mzima.

Risasi zilimkosa. Njaa ya njiani ilimkosa. Kazi ya mikono ilikuwa imeshawashinda nzi, kwa ndoo na ufagio, na hakuna aliyekufa. Ninachojifunza ni hiki, na nakisema kwa kila mkulima kuanzia Nakivale mpaka nyuma ya kambi ya jeshi ya Makenke: dawa isiyo na jina isivuke mlango wako, na mnunuzi anayetaka tunda lisilo na doa avae pampu yeye mwenyewe. Kwenye kile kilima majirani wameanza kuokota tena, shamba la marehemu kwanza.

Lakini somo halitoshi. Mnunuzi, pampu yako iko kwa mume wake, njoo uichukue mbele ya watu. Na wewe mwenye duka, ile chupa haijamwagwa. Iko juu ya kabati la vyombo, imefungwa vizuri. Tutakuletea. Utaishika mkononi, wateja wako wakiwepo, utujibu swali la daktari: ni dawa gani?