Mstari wa Matanga

Kazi yangu ilikuwa kukaa na watu wenye madeni, kupanga nao matumizi senti kwa senti, kisha kuwaandikia wadai wao barua za kuomba subira. Niliifanya Anderlecht, mtaa wa Brussels, kwa miaka mingi. Mdomo wangu ulikuwa mkali, nakiri. Ukiniletea risiti ya wigi, siku hiyo utanisikia.

Mwaka mmoja alikuja maman mmoja wa Bukavu, mhudumu katika nyumba ya wazee. Kodi ya miezi mitano haijalipwa, na mwenye nyumba ameshakwenda kwa hakimu. Mume wake alikuwa na ugonjwa wa figo, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wangefukuzwa, yule mgonjwa angelala wapi?

Tukapiga hesabu: chakula, umeme, dawa, tiketi ya metro. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini, "Na cinquante ya matanga."

Euro hamsini za matanga kila mwezi: nilimwelewa, mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Kwetu sisi Wakongomani wa Brussels, mtu akifiwa, daftari linawekwa mezani karibu na mlango. Unatoa mchango, unaandikwa. Siku yako ikifika, watu wanaangalia kama nawe ulitoa. Na vifo havikwisha, huku na kule nyumbani, karibu kila mwezi.

"Maman, hii tunafuta."

"Papa, alors nitaikala namna gani na bantu? Kidole moja haiuwake chawa."

"Bon, hao watu ndio watakulipia loyer, kodi ya nyumba?" Nikachukua kalamu nyekundu ya bic, nikapiga mstari. "Wafu hawakufukuzi nyumbani. Mwenye nyumba atakufukuza."

Akaivuta karatasi, akatia sahihi. Nami nikajisifu, jamani. Nilifika kwangu nikamwambia mke wangu kwamba leo nimeokoa familia.

Mpango ulikuwa wa miezi thelathini. Hakimu aliukubali, nyumba ikabaki yao, na maman hakukosa kulipa hata mwezi mmoja. Siku moja nilikutana naye Matonge, mtaa wetu wa maduka ya Kiafrika, amebeba sombe, majani ya muhogo. Wanawake wawili wa kanisani kwake wakapita, wakanisalimia mimi, yeye hapana. Nikadhani hawakumwona. Mjinga mimi!

Mwezi wa ishirini na nane wa mpango, mume wake akafariki. Nilikwenda kwenye matanga Jumamosi mchana. Maman alikuwa ameazima viti arobaini, vimepangwa sebuleni mpaka kwenye korido. Tulikaa watu saba: yeye, binti zake wawili, pasta, muuguzi mmoja Mbelgiji, jirani Mmoroko aliyeleta sufuria ya kuku, na mimi. Kila kengele ya jengo ilipolia, binti mkubwa alisimama kutazama dirishani, halafu akakaa tena. Daftari lilikuwa mezani, kurasa nyeupe.

Niliona haya, haya ya kutamani kutoroka kwa ngazi. Mkono uliopiga ule mstari ulikuwa wangu.

"Maman, unisamehe," nikasema.

Alidhani nimekuja kwa wasiwasi wa malipo ya mpango. Akanishika mkono, akainama sikioni kwangu ili pasta asisikie.

"Papa, usiogope. Loyer ya mwezi huu nilishalipa."

Nikalia mbele ya watoto wake.