Kohozi la Kuazima

Tangu zahanati ya mtaani ianze kupima kifua kikuu, Fundi Bawaba alikuwa amekata shauri kutokohoa. Zamani mwenye ugonjwa huo, au ule mwingine wa virusi, alipanda basi hadi hospitali kuu, akakaa benchi moja na watu asiowajua, akarudi nyumbani na siri yake. Sasa dirisha la kupimia lilitazamana na karakana yake ya useremala, na aliyekaa dirishani ni Sista, muuguzi ambaye Fundi alimtengenezea milango yote ya nyumba. Wakubwa waliita hilo kusogeza huduma karibu na wananchi. Fundi aliona imesogea mno.

Kikohozi hakikujali shauri lake. Kilimshika akipiga randa, kilimshika akipima mbao, na siku moja kilimshika akitaja bei, mteja akadhani hata mwenyewe anaionea aibu. Mkewe akachoka. Akamwambia asipokwenda kupimwa, atandike maranda alale huko huko karakana. Fundi akaenda, akapewa kikopo chenye kifuniko, akaambiwa alete makohozi ya asubuhi.

Karakanani alimkuta kaka yake, Winchi, aliyeitwa hivyo kwa sababu alibeba magogo peke yake na hakuwahi kuugua, au ndivyo ukoo ulivyozoea kusema. Fundi akapata wazo ambalo mtu mwenye akili timamu hulipata akaliacha. Yeye hakuliacha.

"Kaka, nisaidie jambo. Dogo tu."

"Sema."

"Nikoholee humu."

Alitegemea kuchekwa. Winchi alikipokea kikopo, akakigeuzageuza, akauliza kama jina litakaloandikwa ni la Fundi. Akaambiwa ndiyo.

"Basi lete," akasema, na kesho yake akakirudisha kimefungwa vizuri. Fundi akakipeleka dirishani kifua mbele, kisha akamwambia mkewe mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Majibu yalipotoka, Sista alivuka barabara mwenyewe, akamvuta nyuma ya rundo la mbao.

"Pole, Fundi. Una kifua kikuu. Lakini kinatibika, na dawa tunazo hapa hapa."

Fundi alimtazama Winchi aliyekuwa uani, gogo begani, anatweta, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi shati lilivyompwaya. Aliogopa kweli kweli. Akili yake, ambayo bado haikuwa imejifunza kitu, ikamshauri achukue dawa ampitishie kaka yake kimya kimya, kama alivyompitishia kikopo.

"Vidonge utavimeza mbele yangu," Sista akasema, kana kwamba ameisikia.

Basi ikabidi aseme, maana angenyamaza, kaka yake angekufa huku ukoo unamsifu kwa nguvu zake. Alisema akitazama chini, na maneno yalimtoka kwa shida zaidi kuliko kikohozi. Sista alimsikiliza hadi mwisho.

"Na milango yangu uliipima mwenyewe," akauliza, "au nayo ulituma mtu?"

Kisha akaleta vikopo viwili vipya, akawasimamia wote wawili wakikohoa.

Cha Fundi kilikuwa kisafi. Kifua chake kilijaa vumbi la mbao tu. Alifurahi, na papo hapo akajichukia kwa kufurahi.

Siku Winchi alipoanza dawa walikaa kwenye benchi chini ya dirisha, Winchi na barakoa yake, mtaa mzima ukipita.

"Nisamehe, Kaka. Nilikutumia."

Winchi akaiweka sawa barakoa yake.

"Ule ugonjwa mwingine, wa virusi, ninao miaka sasa," akasema. "Dawa nilikuwa nazifuata hospitali kuu, nyie nawaaga nakwenda kuangalia mbao. Nikachoka na safari, nikaacha. Walipozileta hapa, kila siku nalitazama hili dirisha, barabara yenyewe siwezi kuivuka."

Fundi akaitazama hiyo barabara.

"Nikaanza kukonda, kutoka jasho. Ndipo ukaja na kikopo chenye jina lako. Nikasema hapa nitajua hali yangu, nikiona tu wewe umeanza dawa." Akamgeukia. "Kwani ulidhani nilikohoa kwa ajili yako?"

Sista akachungulia dirishani, akaliita jina la Winchi lile la kuzaliwa, kwa sauti ya kusikika. Winchi hakuinuka. Fundi akamshika mkono, wakasimama pamoja.