Picha za Sare

Mama Pindo, fundi cherehani wa mtaani kwetu, alikuwa na mkono mwepesi kwa sare za shule. Sare ikiisha kushonwa, alimpiga mtoto picha ameivaa, akaiweka mtandaoni kuvuta wateja. Jina lilisomeka kifuani, na beji ya shule pembeni yake.

Siku moja mjukuu wake, aliyekuwa akichezea simu ya bibi, alimwita. "Bibi, huyu mtu aliyeandika hapa anajua jina langu na shule yangu. Anasema atanipitia tukitoka shule, nisimwambie mtu."

Picha yake ya sare, iliyowekwa mtandaoni na bibi, ilikuwa imesema yote. Mama Pindo akaichukua simu. "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa ni langu, si lako."

Akaupeleka ujumbe ule polisi, akafuta picha zote, na kila siku akawa anakwenda mwenyewe kumchukua mjukuu shuleni.

Sasa sare anazitundika ukutani na kuzipiga picha kabla ya kudarizi jina na kubandika beji. Mteja mmoja, mama wa mwanafunzi, akamtania, "Fundi, huo ukuta unasoma darasa la ngapi?"

"La kwanza, na hakuna wa kuupitia shuleni. Mwanao je, picha zake umeziweka wapi?"

Yule mama akatoa simu yake, wakaanza kufuta pamoja picha za mwanawe alizoziweka mtandaoni.