Mzigo wa Kuingilia Getini

Baba aliuza shamba ili mimi ninunue pikipiki. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wanaoiona ofisi yangu hapa Noonkopir, mjini Kitengela, na rafu zake za mizigo, hupenda kunisifu kwamba nilianza bila chochote. Nilianza na shamba lililokuwa la baba na marehemu mama, pembeni mwa Kitengela, wakati huko ulikuwa husikii kitu ila kengele za mbuzi.

Ndugu zake walikuja kumkanya. Shamba liuzwe kwa sababu ya msichana? Kesho si ataolewa, aende na hizo pikipiki kwa watu?

"Huyu ndiye alikuwa anabeba mama yake akiwa mgonjwa," baba akawajibu. "Wacheni sasa abebe vitu za watu."

Basi nikabeba. Dawa za ng'ombe kutoka Kitengela hadi Isinya, sare za shule hadi Kajiado, na mara moja keki ya harusi iliyofika imelala upande, bibi harusi akaniita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nami nilimjibu, maana hasira zangu haziko mbali. Lakini kazi ilikua. Pikipiki mbili zikawa tano, nikaajiri madereva, nikapata kaunta na mtu wa kukaa nyuma yake.

Baba alihamia Kajiado na ng'ombe zake. Ukame ukawamaliza, magoti yakamwisha, nikamleta akae kwangu. Kila mvua ikinyesha aliuliza jambo moja tu: silanga yake iko namna gani? Silanga ni lile bwawa alilochimba shambani pamoja na mama, kwa jembe na karai, kabla sijazaliwa. Ng'ombe wa majirani wote walikunywa pale.

Nilijua liko namna gani. Shamba zima limekuwa ghorofa za kupangisha zenye ukuta na geti jeusi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepeleka viatu pale, nikaegesha pikipiki juu ya silanga. Waliifukia, wakapanga matofali ya sementi, pakawa maegesho ya magari. Baba akiuliza, nilianza kuzungumzia bei ya matairi.

Asubuhi moja akachoka na matairi yangu, akachukua fimbo akaenda mwenyewe. Alirudi mchana na vumbi hadi magotini.

"Mlinzi ananiuliza naenda nyumba gani. Namwambia sio nyumba, ni silanga. Anasema hakuna mtu anaitwa hivyo hapa."

Alisema hivyo bila kukasirika, akaketi na fimbo mapajani. Mimi ndiye niliyewaka. Nilivaa viatu niende kumfokea huyo mlinzi, kisha nikavivua. Ningemwambia nini? Yeye analinda mali ya watu, na watu hao waliinunua kihalali, na pesa za shamba nilizitia mafuta na kuziendesha barabarani. Nilijuta siku hiyo kuliko siku yoyote tangu mama afe. Ningeweza kuanza na pikipiki ya kukodi, kama wengine. Ningechelewa, lakini nisingekuwa wa kwanza.

Wiki iliyofuata mzigo wa kule ukaingia, mapazia ya mama mmoja wa ghorofa ya tatu. Sikumpa dereva. Nilitoa jaketi la kazi, lile la manjano lenye mistari ya kung'aa, nikamletea baba.

"Papa, vaa hii."

Alilivaa juu ya shuka lake jekundu, nikamfunga helmeti, akapanda nyuma amekumbatia mapazia. Mlinzi aliona jaketi akafungua geti kabla sijasimama. Hata tunaenda nyumba gani hakuuliza.

Ilikuwa imenyesha. Kati ya magari mawili matofali yalikuwa yamezama, maji yamekaa, mapana kiasi cha meza. Baba alienda moja kwa moja pale, akatia ncha ya fimbo ndani.

"Mimi nilikuwa nachimba hapa," akasema. "Mama yako anabeba udongo, anamwaga huko kwa hiyo gari nyeupe. Alikuwa na mimba yako."

Nililia ndani ya helmeti. Laiti angenigombeza, ningepumua. Lakini alitazama maji, akanitazama mimi, akauliza kama kazi yangu imekuwa kubwa.

"Imekuwa, Papa."

"Basi ni sawa."

Haikuwa sawa, na sauti yake ilijua. Nilipanda ngazi nikapeleka mapazia, niliposhuka nikamkuta bado amesimama pale pale.

Sasa kila wiki huja kauntani na fimbo yake. "Nakerai," ananiambia, yaani binti yangu, "leo kuna mzigo ya kule?" Mara nyingine upo. Lakini wapangaji hawaagizi vitu kila wiki, na bila mzigo geti halifunguki. Juzi hapakuwa na chochote. Nilifunga sukari na majani ya chai kwenye boksi, nikaandika ni ya mlinzi, nikalipia kama mteja yeyote, kisha nikamshikia baba jaketi avae.