Nives Adai Matusi Yake

Ukitaka kumjua Nives Bettella usiulize chuoni, uliza sokoni. Pale Uwanja wa Mboga, Padova, meza ya tatu kutoka kwenye chemchemi, utamkuta mama wa miaka hamsini na saba, mikono myekundu kwa baridi, na sauti ya kumrudisha mbwa aliyeshafika mtaa wa pili. Anauza saladi chungu nyekundu, vitunguu, artichoki na maneno. Maneno anatoa bure.

Anayeyapokea zaidi ni Silvano, muuza nyama ya farasi, mwenye duka chini ya matao ya jumba kubwa la Salone, hatua kumi kutoka kwa Nives. Miaka thelathini wanarushiana vijembe. Silvano anasema artichoki za Nives ni kuukuu, zilihudhuria komunyo yake ya kwanza utotoni. Nives anasema farasi wa Silvano hawakuchinjwa, walijifia wenyewe kwa kumsikiliza. Wateja wanacheka, wananunua, maisha yanasonga.

Sasa mama kama huyu chuo alikifuatia nini? Alisukumwa na ukuta. Pembeni ya Salone, chini ya Tao la Kamba, kuna mawe yamechongwa vipimo vya soko la zamani: ukubwa wa tofali, ukubwa wa kigae, kibaba cha unga. Enzi hizo muuzaji akipunja watu, analetwa papo hapo chini ya tao, anacharazwa kamba. Siku moja mtalii akamuuliza Nives yale mashimo ukutani ni ya nini. Nives, ambaye alikuwa ameegemeza makreti kwenye yale mashimo tangu ujana, akasema hajui. Yule mtalii akatikisa kichwa kwa upole, akaenda zake. Ule upole ndio uliomkera. Jioni ile polenta, ugali wao wa mahindi, aliiacha mezani.

Akajiandikisha historia akiwa na miaka hamsini na tatu. Alfajiri yuko soko la jumla, asubuhi yuko mezani, saa saba anafunika mboga, saa nane yuko darasani ananuka vitunguu. Kilatini kilimwangusha mara nne. Mara ya tano kikaona aibu kikamwachia. Tasnifu akaandika juu ya nini tena? Juu ya ukuta wake, kurasa mia na tisa.

Shida haikuwa masomo. Shida ilikuwa heshima.

Padova mtu hahitimu kwa cheti. Cheti ni karatasi tu. Unahitimu kwa papiro: bango kubwa lenye katuni yako mbaya kuliko sura yako, na mashairi ya kukuchana tangu ulipozaliwa. Marafiki wanaliandika kwa siri, wanakuvalisha kichekesho, wanakusimamisha barabarani na taji lako la majani kichwani, wanakupiga mayai, na wewe unasoma fedheha zako kwa sauti. Ukikosea neno, unakunywa. Ukimaliza, linabandikwa ukutani karibu na Bo, jengo kuu la chuo, dunia nzima isome. Na ni mwiko kuliomba mwenyewe. Likija limekuja.

Nives alilijua hilo kuliko maprofesa. Miaka yote hiyo ni yeye aliyewauzia wanafunzi mayai viza, na kila mhitimu aliyepita mbele ya meza yake alimpa kejeli ya kusindikizia.

Lakini wenzake wa darasani, watoto wa miaka ishirini na mbili, walimwita mama. Mama shikamoo, mama kaa hapa, mama nikubebee mkoba. Kati yao wanaitana mbwa na punda kwa mapenzi tele, yeye akifika wanakaa sawa kama padri kaingia. Hata Tobia Friso, mwenye ulimi mchafu kuliko wote, kijana wa Rovigo ambaye Nives alisoma naye Kilatini mwaka mzima, akimtania kidogo alikuwa anaomba samahani. Na mtu hamtanii mgeni. Hilo Nives alilijua vizuri.

Kwa hiyo mwezi wa tatu, mwezi wake wa kuhitimu, ulipofika, akawa anachungulia dalili. Watunzi wa papiro huwa wanawapigia ndugu simu kuchimba siri. Akampigia dada yake Dirce kule Abano, akazunguka kwenye hali ya hewa, kwenye magoti, kwenye bei ya gesi, halafu akauliza kama kuna kijana yeyote amepiga. Dirce akasema hakuna, kwani kuna msiba? Nives akasema hapana, ila alivyokata simu alijiona kama kuna.

Siku yenyewe akafungua meza kama kawaida, mpaka saa nne. Silvano akatokea kavaa tai. Tai ya Silvano ilionekana mara ya mwisho kwenye mazishi.

"Leo sikusemi," akatangaza. "Leo wewe ni dokta, kama kila mhitimu. Na usiwe na wasiwasi, wale watoto nimeshawaweka sawa."

"Umewaweka sawa vipi?"

Silvano akajishika tai. Habari ikatoka vipande vipande. Wale watoto walikuja dukani kwake wiki tatu zilizopita, na chupa. Wakamuuliza habari za Nives. Chupa ya kwanza akasema kidogo, ya pili akasema yote, mpaka habari za Renato, mume aliyeondoka na msusi miaka kumi na moja iliyopita. Asubuhi yake akaamka na kichwa kizito na moyo mzito zaidi. Akawafuata chuoni na aproni yake ya damu, akawaambia papiro lile walichome, huyu ni mama mtu mzima, ana presha, ameumia vya kutosha, wamnunulie maua.

Ndivyo alivyo Silvano: kukutukana kutwa anaweza, ila mwingine akikugusa anatafuta kisu.

"Sina presha," Nives akasema polepole.

"Najua. Niliongezea."

"Silvano. Hiyo ndiyo siku niliyoingoja miaka minne. Wewe umeenda kunitafutia maua?"

Alivua glavu, akaenda. Silvano akabaki anaziangalia artichoki.

Mbele ya jopo Nives alijieleza dakika kumi bila kumeza mate, kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira inanyoosha maneno. Profesa akauliza swali la kibaba cha unga. Akajibiwa mpaka akasema inatosha. Wakamtangaza.

Nje, wenzake walikuwa wamejipanga. Walipiga makofi yale ya ukumbini, ya adabu. Elettra, msichana wa safu ya mbele, akamvika taji la majani taratibu kama anamvika birika kofia, akampa maua meupe na kadi. Kadi ilisema hongera mama yetu. Hatua chache kutoka hapo mhitimu mwingine, mvulana kavalishwa kama kuku, alikuwa anasoma papiro lake huku haradali inamchuruzika masikioni, marafiki wanamzomea, na uso wake unang'aa kwa raha.

Nives alitazama maua. Angeweza kusema asante akarudi kwenye vitunguu. Mwiko ni mwiko. Wenzake walikuwa wanamtabasamia kwa upole uleule wa yule mtalii.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini, mama?" Tobia akasema.

"Usinizungushe, Tobia. Wewe huwezi kuchoma kitu ulichoandika, unajipenda mno. Liko wapi?"

Tobia akawa mwekundu kama saladi ya Nives. Akasema kuna beti hazifai. Akasema waliambiwa. Akasema wao wanamheshimu sana.

"Heshima nimeshiba," Nives akamwambia. "Nimesoma na nyie, nimeanguka na nyie, nimenakili majibu yako ya Kilatini na yote yalikuwa makosa. Nitukaneni basi kama watu."

Wakatazamana. Elettra ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo, ikashindikana. Tobia akafungua mkoba. Bango lilikuwa limekunjwa mara nane, na katuni ilimwonyesha Nives ana mwili wa kitunguu na masharubu. Hayo masharubu, akasema Tobia, aliyachora kutoka kwenye uhalisia.

"Mpumbavu wewe," Nives akasema kwa furaha.

Hawakuwa na nguo ya kichekesho, kwa hiyo wakamkokota mpaka sokoni, wakamvika aproni ya Silvano na mikufu miwili ya vitunguu saumu, wakamsimamisha chini ya Tao la Kamba, penye vipimo vyake. Mayai yakatoka mezani kwake mwenyewe. Silvano akaamriwa apasue la kwanza kichwani kwa Nives, ndiyo adhabu yake. Akalipasua kwa huruma. Wakamzomea, akapasua la pili vizuri.

Nives akasoma, kiini cha yai puani:

*Kasoma vipimo vyote, vya mawe na vya mizani,*
*Ila dole lake gumba, halitajwi kitabuni.*
*Saladi ya Jumatatu, Ijumaa i mezani,*
*Huinyunyizia maji: "Imetoka tu shambani!"*

Soko zima likalipuka. Wateja wa miaka ishirini wakawa wanatikisa vichwa kama watu waliothibitishiwa kwamba lile dole hukandamiza mizani. Akakosea neno, akanywa. Akakosea tena, pengine makusudi, akanywa. Halafu akafika kwenye ubeti uliomfanya Tobia aache kumtazama, akatazama viatu vyake.

*Mume naye kapotea, na msusi wa Jesolo,*
*Nives kabaki na nini? Kabichi sabini kilo.*

Silvano alikunja ngumi na hakujua ampige nani, maana aliyetoa siri ni yeye. Nives aliusoma tena kimoyomoyo. Miaka kumi na moja jambo hilo watu walilipita kwa kunyata, wakishusha sauti akikaribia. Na sasa lilikuwa hapa, mistari miwili, lina vina, tena kabichi zile zilikuwa za kweli.

"Hapa kuna kosa," akasema. "Jesolo nani kakwambia? Yule msusi alikuwa wa Sottomarina, pwani nyingine kabisa."

Tobia akainua uso. "Sottomarina haikukaa kwenye vina."

"Kwa hiyo umepindisha historia ili upate vina. Mwanahistoria mzima. Kunywa."

"Anayesoma ndiye anayekunywa, si anayeandika."

"Chini ya tao hili wapunjaji walikuwa wanacharazwa. Shukuru unakunywa. We Elettra, mjazie. Na Silvano naye, yeye ndiye chanzo, na chanzo chenyewe kibovu."

Wakanywa. Halafu wakamwimbia wimbo ule wa wahitimu, wenye maneno ambayo hapa hayaandikiki, wakauimba wote bila kuruka hata tusi moja, na Tobia akampiga mgongoni mpaka taji likamfunika macho. "We Nives," akamwambia, "unanuka kuliko siku zote." Hakuomba samahani.

Papiro likabandikwa karibu na Bo kabla ya saa tisa. Masharubu yanaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Kesho yake meza ilifunguliwa kama kawaida, na nywele za Nives bado zina harufu ya yai. Saa tano Elettra akapita, akainama juu ya vitunguu kama mnunuzi, akanong'ona kwamba Tobia anahitimu mwezi wa saba, na wenzake wamekaa wakaamua nani ataandika papiro lake. Akamwachia namba ya simu ya Rovigo kwenye kipande cha karatasi.

Nives akafuta mikono, akamwambia Silvano aangalie meza na asiguse mizani, akajificha nyuma ya makreti.

"Haloo, mama Tobia wa Rovigo? Mimi nimesoma na mwanao. Hapana, hajambo, mzima kabisa. Nina maswali machache tu ya kihistoria. Hebu tuanze utotoni: kitandani aliacha kukojoa mwaka gani?"

Upande wa pili mama Tobia akavuta kiti, kikasikika kikiburuzwa sakafuni, na Nives akatoa kalamu.