Muomba Kimya wa Kozi ya Bure

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mashavu Kificho anasimama mbele ya chumba cha kurekodia cha chuo kimoja, Mji Mkongwe, na hafungui. Anautazama mlango. Pale palipokuwa na kibandiko cha wafadhili pamebaki mraba msafi wa rangi.

"Moyo ulinipiga paa," anasema. "Nikajua washaondoka."

Mashavu, mwenye miaka 22, hufagia na kupika chai. Ana kazi nyengine isiyo na jina: kabla Mwalimu Sleiman hajawasha kamera kurekodi somo, yeye hushuka kichochoroni kuomba kimya. Kwa msichana mwenye haya kama yeye, hakuna kazi nzito kuliko hiyo.

"Bibi Kimya huyo!" anaita Badar, muuza kahawa, akiacha kugonganisha vikombe vya kuitia wateja. "Haya, nshanyamaza. Lakini kimya changu bure mpaka lini?"

"Nusu saa tu, kaka Badar."

"Bure yenu itatuua kwa njaa!"

Badar anacheka. Mashavu hacheki, maana ghorofani nako wanaulizana hilo hilo.

Kozi yenyewe ni ya chuo kikuu, inafundisha kutengeneza nyumba za mawe kwa chokaa, na iko wazi mtandaoni kwa yeyote. Wafadhili ndio waliolipia kamera, walimu, na mshahara wa Mashavu wa shilingi 250,000 kwa mwezi. Sasa wameondoka, na chuo lazima kijitafutie fedha.

Mwalimu Sleiman anataka masomo yabaki bure, anayetaka cheti alipie mtihani, na wenye mahoteli wawalipie mafundi wao. Mkuu wa kitengo, Bi Rawiya, anataka yafungwe yote mpaka mtu alipe.

Wiki iliyopita walibishana huku Mashavu akiwamiminia chai.

"Watu wa bure hawamalizi," alisema Bi Rawiya. "Nioneshe mmoja tu anayesoma kweli."

"Wapo, Bi Rawiya. Siwajui sura tu."

"Basi hawapo, Sleiman."

Chai ikamwagika kisahanini. Mashavu akaifuta, akatoka. Uamuzi ni Jumatatu.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwao Kikwajuni, chakula anakirudisha jikoni. Mama yake, ambaye maradhi yake ndiyo yaliyomtoa Mashavu shule akiwa darasa la tano, anadhani bintiye anaumwa.

"Kufagia ntafagia hata kwengine," anasema Mashavu. "Nnachoogopa ni kufungwa masomo."

Kwa nini? Anavuta mtandio mpaka mdomoni. Anageuka kuangalia kama kuna mtu ngazini.

"Huyo mmoja anayemtaka Bi Rawiya ni mie," anasema, sauti haifiki mbali. "Nnasoma kwa simu. Somo la tisa nshalimaliza, yamebaki matatu. Sijamwambia mtu, hata mama. Nilihofu watasema, huyu mfagiaji wa darasa la tano anajifanya nani? Nataka nimalize, nifanye mtihani. Cheti ntakilipia, kidogo kidogo."

Anaushusha mtandio.

"Andika jina langu lote. Bi Rawiya husoma gazeti lenu."